Siku Nchi Nzima Ilipovuka Mto kwa Ajili ya Mama Twiga

Paukwa!

Pakawa!

Ah, sauti gani hiyo? Mmekula au hamjala? Paukwa, nasema!

Pakawa!

Hapo sawa. Na wewe unayetafuna mahindi, tafuna polepole. Na nyinyi wazazi mliojifanya mmekuja kuchukua watoto, kaeni chini, hii ni yenu pia. Nawaambia mapema kabisa: hadithi hii inanichanganya mimi mwenyewe. Nimeisimulia tangu meno yangu yakiwa yote, na kila nikimaliza najikuna kichwa.

Hapo kale, kale ya wanyama kusema na nyasi kusikiliza, palikuwa na nchi ikiitwa Nyasini. Nyasini kulikuwa na sheria moja tu ya kuua. Simba au mamba ataua akiwa na njaa. Nyoka atauma akikanyagwa. Zaidi ya hapo, hakuna kuua. Basi. Sheria fupi, kila mtoto aliijua. Hata waliokuwa wakiliwa waliijua.

Siku moja Mama Twiga alikuwa akishuka korongoni. Akakanyaga jiwe. Jiwe likaviringika. Mama Twiga, puuu! Nyonga ikavunjika. Akajaribu kuinuka, puuu! Akajaribu tena, puuu! Akabaki pale pale, shingo ndefu imelala kwenye vumbi.

Kidonda kikaoza. Koo likavimba. Majani hayapiti, maji yanapita kwa taabu. Asubuhi anaugua, "Mmmh!" Jioni anaugua, "Mmmh!" Binti yake, jina lake Tunu, alikuwa akitafuna majani mpaka yalainike, kisha anamtilia mama yake mdomoni. Mama anayatema.

"Mwanangu, yanauma."

Tunu anatafuna mengine.

Mnauliza Simba alikuwa wapi? Simba alikuja. Akanusa kile kidonda, akakunja pua, akaenda zake. Fisi naye alikuja, akaketi mbali kidogo, akangoja. Fisi na kungoja mnamjua.

Mama Twiga akachoka. Si kuchoka kwa kulima, watoto, ambako ukilala kunaisha. Alichoka kwingine. Akamwambia Tunu, "Niitie Swila."

Swila ni yule nyoka anayepanua shingo. Akiuma, hufiki mbali. Tunu aliliogopa jina hilo, lakini mama akishatuma, ametuma. Akaenda kwenye kichuguu, akamwita. Swila akaja, ssss, ssss, ssss.

"Swila, mwanangu," akasema Mama Twiga, "niume."

"Mama Twiga, umenikanyaga?"

"Sijakukanyaga."

"Basi siwezi. Sheria inanikataza."

Mama Twiga akafikiri. Akasema, "Ngoja nikukanyage."

Akajaribu kuuinua mguu. Mguu haukuinuka. Akakaza meno, akavuta pumzi, "Mmmh!" Mguu haukuinuka. Alikuwa na ukwato mkubwa kama sinia, na hakuweza kuusogeza ukamgusa nyoka aliyelala pale pale mbele yake. Tunu akageuza uso. Hata mimi hapa huwa nageuza uso.

"Sogea wewe basi," akasema Mama Twiga. "Jipitishe chini ya ukwato wangu."

"Nikijipitisha mwenyewe, hapo sijakanyagwa," akasema Swila. "Nisamehe, Mama." Akarudi kichuguuni, ssss, ssss, upesi kuliko alivyokuja.

Mama Twiga akamwambia Tunu, "Nenda kwa wakubwa. Waambie waibadilishe sheria."

"Mama, mimi sitaki ufe."

"Najua. Nenda."

Tunu akaenda huku analia. Alikuwa anakwenda kuomba jambo asilolitaka. Mnaona kuchanganyikiwa kunavyoanza?

Mkubwa wa Nyasini wakati huo alikuwa Mbuni. Alichaguliwa kwa sababu ya urefu wa shingo, na kwa sababu twiga hawakutaka kazi ile. Mbuni alipomsikiliza Tunu akapepesa macho, pe, pe, pe. Akasema, "Jambo hili zito. Mimi peke yangu siligusi. Itapiga kura nchi nzima!"

Nchi nzima ikakusanyika kando ya mto. Mbuni akapanda juu ya jiwe.

"Wananchi! Mnyama mgonjwa asiyepona, akiomba mwenyewe, aumwe na nyoka au asiumwe? Wanaosema ndiyo, wavuke mto wasimame ng'ambo. Wanaosema hapana, wabaki huku. Kabla ya hapo, mwenye neno aseme."

Wa kwanza kusimama, Fisi.

"Ndugu zangu, mimi nasema ndiyo. Nasema kwa huruma tu." Na mate yakamtoka, chururu, chururu, yakalowesha miguu. Wanyama wakacheka. Wengine waliokuwa wamekata shauri kusema ndiyo wakaona aibu kusimama na Fisi, wakasema hapana palepale. Bila sababu nyingine, ni Fisi tu.

Akasimama Nyati, mzee, pembe zimechakaa.

"Mimi nasema hapana. Leo ni Mama Twiga, ameomba mwenyewe. Kesho ni mimi. Sijaomba, lakini wajukuu watanitazama nikikohoa. Watasema, 'Babu, ruhusa si ipo? Unangoja nini?' Na mimi nitaona haya kuishi."

Wanyama wakawakumbuka babu zao nyumbani.

Akasimama Ngiri.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba."

"Maneno yako nimeyasikia. Lakini baba yangu alikufa akipiga kelele. Alinisihi nimsaidie, nikamwambia sheria, baba, sheria. Mpaka leo nikifumba macho namsikia. Mimi nasema ndiyo."

Huyu kasema kweli. Na yule kasema kweli. Sasa mtu aende na kweli ipi? Wakatazamana. Nyinyi pia mnatazamana, nawaona.

Nyuma kabisa walikuwepo nyumbu. Wengi! Weusi mpaka macho yanapoishia. Walikuwa hawakusikia kitu, maana wa nyuma walikuwa wakiuliza wa mbele, na wa mbele walikuwa wakila majani.

"Vukeni!" akapiga kelele Mbuni.

Ngiri akavuka, chubwi! Fisi akavuka, chubwi! Nyumbu mmoja alikuwa na kiu, akasogea kunywa maji, akateleza, chubwi! Nyumbu wa nyuma yake akauliza:

"Wa mbele kaenda wapi?"

"Kaenda kule!"

"Basi twende!"

Chubwi, chubwi, chubwi! Nyumbu wote majini. Mbuni akahesabu kwa shingo, "Ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo..." Wakafika ng'ambo. Kule nyasi zilikuwa kavu. Nyumbu mmoja akageuka.

"Wa mbele kaenda wapi?"

"Karudi kule!"

"Basi turudi!"

Chubwi, chubwi, chubwi! "Hapana, hapana, hapana..." Mbuni akapoteza hesabu. "Simameni! Jamani, hebu simameni! Wewe, wewe si nilishakuhesabu?" Nani asimame? Vumbi huku, maji kule, mama anamwita ndama, ndama anamwita mama. Waliovuka kwa moyo wakasukumwa kurudi. Waliobaki kwa moyo wakabebwa na mafuriko ya nyumbu wakajikuta ng'ambo. Mzee Nyati alionekana ng'ambo akipaza sauti, "Mimi hapana! Mimi bado hapana!" na hakuna aliyemsikia.

Na mamba je? Mamba walikuwa mle mle mtoni. Hawakuwa na hotuba. Walifungua midomo, kwap! Kwap! Siku ile ya kuuliza kama mmoja aliyeomba kufa afe, walikufa wengi ambao hawakuomba. Na kwa ajili yao hakuna aliyeitisha hata kikao. Nami nakasirika kila nikifika hapa, nisameheni.

Katikati ya zogo lile, Mbuni akamwona Tunu. Miguu ya mbele imo majini, ya nyuma iko nchi kavu.

"Wewe mtoto! Uko upande gani?"

"Sijui, Bwana Mkubwa."

"'Sijui' haina ukingo! Vuka au toka!"

Tunu hakuvuka. Hakutoka pia. Akasimama vile vile, maji yanampiga magotini, mpaka Mbuni akachoka kumtazama.

Jua likainama. Mbuni akawa hoi. Akafumba macho, akasema moyoni, nikifumbua, popote walipo nyumbu, ndiyo jibu. Akafumbua. Nyumbu walikuwa ng'ambo.

"Nchi imesema ndiyo!"

Vigelegele! Wengine wakalia. Wengine wakaulizana, "Tumesema nini?" Nyumbu mmoja akamwambia mwenzake, "Tumeshinda." "Tumeshinda nini?" "Wa mbele anajua."

Wakaenda kichuguuni msafara mzima, kwata, kwata, kwata. Mbuni akapiga kichuguu kwa mguu, du! du! du!

"Swila, toka! Nchi imekupa ruhusa. Twende ukamuume Mama Twiga."

Swila akatoa kichwa. Akawatazama wote walivyo wengi.

"Kura mmepiga lini?"

"Leo."

"Mbona mimi hamkuniita?"

Mbuni akapepesa macho, pe, pe. "Wewe kazi yako ni kuuma. Tukuite wa nini?"

"Kazi yangu ni kuogopa," akasema Swila. "Nikiogopa ndipo nauma. Mama Twiga simwogopi. Namhurumia. Sijapata kumuuma niliyemhurumia, sijui hata kama sumu itatoka. Ile sheria ilikuwa ikinikataza, na mimi nilikuwa nashukuru, nikajificha nyuma yake. Leo mmeiondoa, mmenikuta nilivyo. Nani kati yenu atakuja kushika kichwa changu na kukiweka pale pa kuuma?"

Wakatazama miguu yao.

"Ngiri? Umesimama mbele kabisa. Una pembe mdomoni zinazopasua hata mizizi."

"Mimi nilivuka tu," akasema Ngiri, akarudi nyuma hatua moja.

"Fisi?"

"Mimi huwa nakuja baadaye," akasema Fisi.

Basi wakaanza kuondoka. Mmoja kakumbuka ndama. Mmoja kaona mawingu. Mmoja ana kiu, na mtoni katoka sasa hivi! Waliosema ndiyo wakaondoka. Waliosema hapana nao wakaondoka, wakisema wao walishakataa tangu mwanzo, hayawahusu. Tunu akapiga kelele, "Mliosema hapana, njooni basi mmpe maji! Mliosema asife, njooni mmfukuzie nzi!" Nyati alisimama kidogo, akatazama chini, kisha naye akaenda. Nyumbu walikuwa wameshaondoka zamani. Wa mbele kaondoka.

Tunu akarudi korongoni peke yake. Mama yake akafumbua jicho moja.

"Wamesemaje?"

"Wamesema ndiyo."

"Kwa hiyo ruhusa ninayo."

"Unayo, Mama."

Mama Twiga akapumua, pumzi ndefu, ya kwanza kutoka bila kuugua tangu alipoanguka. "Basi nipe maji kidogo," akasema. Tunu akashangaa. Akaenda akaleta maji mdomoni. Yakapita nusu. Wakakaa.

Kisha nyasi zikasema ssss, ssss, ssss. Polepole safari hii. Swila akaja akajikunja kando ya ukwato wa Mama Twiga.

"Sijui nitafanya nini," akasema. "Nimekuja tu. Si vizuri ukiniita tena niwe mbali."

"Karibu, mwanangu," akasema Mama Twiga.

Wakakaa watatu. Wakazungumza. Jua likazama wakiwa wanazungumza.

Kulipokucha, Mama Twiga alikuwa amekufa.

Habari ikatembea. Nchi nzima ikaja mbio, kwata, kwata, kwata, wale wale. Mbuni mbele.

"Amekufaje?" akauliza. "Aliumwa, au amekufa mwenyewe? Semeni, maana nchi imegawanyika, tunataka kujua nani alikuwa sahihi."

"Ndiyo, aliumwa?" wakasema wa ng'ambo.

"Hakuumwa, sivyo?" wakasema wa huku.

Swila akaficha kichwa ndani ya mikunjo yake. Wote wakamgeukia Tunu. Macho yamemvimba, shingo kainyoosha juu yao wote. Akawatazama mmoja mmoja.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Swila alikuwepo. Nyinyi hamkuwepo."

"Lakini tulipiga kura!"

"Nawashukuru. Sasa nipisheni nimfunike mama yangu."

Wakampisha. Mpaka leo ukiwauliza wanyama wa Nyasini, hawa watakuambia aliumwa na hawa watakuambia hakuumwa, nao wanagombana hasa. Twiga ndiye hasemi. Mmewahi kumsikia twiga akisema?

Nini? Kama aliumwa? Hebu tulia, mtoto wewe. Nimekuambia waliokuwepo ni watatu, na mimi si mmoja wao. Nilipokuwa mdogo niliamini aliumwa. Nilipomuuguza mume wangu nikaamini hakuumwa. Siku hizi sijui.

Lakini funzo lake nalijua, na ndilo hili. Usiamue kifo cha mwenzako, uwe unakubali au unakataa, kabla hujakaa karibu naye ukasikia anavyougua. Na ukishaamua, usiondoke ukamwachia mwingine kazi ya kuyatimiza uliyoyasema.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeielewa yote, kesho aje anieleze na mimi.