Kamba ya Wakesho na Zimwi la Ngolo

Paukwa!

Pakawa!

Kuna aliyebaki nje?

Hakuna!

Mna hakika, au mnajibu tu ili nianze? Tazamaneni kwanza. Haya, sasa nasema.

Palikuwa na kijiji chini ya mlima Ngolo. Kila kiangazi wanawake walipanda kuchimba magadi ya kupikia. Na watu wale walikuwa na mwiko: mtu hahesabiwi. Mbuzi, sawa. Vikapu, sawa. Lakini ukinyoosha kidole useme mmoja, wawili, watatu, umekiita kifo. Ndivyo walivyoamini, na ndivyo walivyoponzeka.

Siku moja Wakesho alipanda na mdogo wake, Mghoi. Kiongozi wao alikuwa Mwadime, bwana wa haraka haraka. Wakati wa kushuka ukungu ukatanda, na Mghoi alikuwa na lengelenge mguuni.

"Dada, nisubiri."

"Njoo tu," akasema Wakesho.

"Dada, nisubiri."

"Njoo tu."

"Dada, nisubiri."

Wakesho akachoka hata kujibu. Hakugeuka.

Walipofika chini, Mghoi hayupo. Wakarudi mbio, wakakuta shanga zake njiani, na nyayo pana kama ungo. Zimwi la Ngolo lilikuwa limemmeza aliyekuwa wa mwisho.

"Mbona hukutuhesabu?" Wakesho akamuuliza Mwadime.

"Tangu lini watu wakahesabiwa?" akajibu, akaenda zake kula.

Basi Wakesho hakulia mbele za watu. Alisema neno moja tu, "Nitalipiza." Mwaka mzima akasokota kamba ya katani. Watu wakasema maskini, akili zimemruka. Yeye anasokota tu.

Kiangazi kikarudi. Wanawake wakakusanyika alfajiri, saba pamoja na Wakesho. Mwadime akaja na fimbo yake, kifua mbele.

"Wewe leo unabaki hapa chini," Wakesho akamwambia. "Kila mtu atakupa jiwe. Akirudi, atachukua jiwe lake. Likibaki jiwe, piga pembe, kijiji kizima kipande."

"Huko ni kuhesabu watu."

"Ni kuhesabu mawe. Shika."

Kisha akawageukia wenzake. "Mwenye lengelenge aseme, tusimame. Jua likifika utosini tunageuka, hata kama vikapu ni vitupu. Kila mtu na fundo lake kwenye kamba. Nikiita 'Mko?', mjibu mmoja mmoja. Na pale ukingoni mwa genge, lile jiwe kubwa lililolegea, mtu asiliguse mpaka niseme."

Wakapanda. Wakachimba. Jua likafika utosini, wakageuka, na vikapu havikuwa vimejaa. Walipofika ukingoni, ukungu ukatanda.

"Mko?" akaita Wakesho.

"Niko." "Niko." "Niko." "Niko." "Niko." "Niko."

Sita. Halafu, nyuma kabisa, ikaja sauti ya saba. "Niko. Dada, nisubiri."

Lo, wajukuu zangu! Ilikuwa sauti ya Mghoi yenyewe. Wakesho akageuka. Alitamani kukimbilia kule akamkumbatie. Lakini mafundo yale alikuwa ameyafunga mwenyewe, na nyuma yake yalikuwa sita tu.

Akachukua kamba nyingine aliyoibeba begani, akaifunga kwenye lile jiwe lililolegea. Ncha ya pili akairusha ukunguni.

"Nakusubiri, mdogo wangu. Shika kamba."

"Nimeshika, dada."

"Jifunge kiunoni, usije ukateleza."

"Nimejifunga, dada."

"Kaza."

"Nimekaza, dada."

"Mlimla na lengelenge lake, wewe na tumbo lako," akasema Wakesho, na sauti yake haikutetemeka. "Sasa nenda ukamtapike huko chini. Jamani, sukumeni."

Wanawake saba wakasukuma. Jiwe likaporomoka, kamba ikanyooka, na zimwi likapita mbele yao likibwekabweka, kucha zikikwaruza mwamba. Wakesho akainama ukingoni.

"Uko?"

Kimya.

"Uko?"

Kimya.

"Uko?"

Hakikujibu kitu, na hakijajibu hadi leo.

Wakashuka polepole, kwa mwendo wa yule aliyechoka zaidi. Kila mmoja akachukua jiwe lake kwa Mwadime. Mwadime akatazama kiganja chake.

"Limebaki moja," akasema. Akaanza kuwatazama wanawake usoni, mmoja mmoja, midomo ikicheza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anahesabu watu. "Mbona mko wote? Hili la nani?"

"La Mghoi," akasema Wakesho. "Nilikupa mawili. Piga pembe."

"Lakini Mghoi..."

"Piga pembe, Mwadime."

Akapiga. Akapiga mpaka midomo ikapasuka, na kila kiangazi Wakesho alimpa tena jiwe lile, naye akapiga tena mpaka alipozeeka.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia, na mimi nikashuka nayo. Mkipanda mlima, pandeni pamoja, hesabianeni bila haya, na anayesema nisubiri, msubirini. Sasa tazamaneni tena. Mko wote?