Kiboko na Makopo ya Bi Sange

Paukwa!

Pakawa!

Kaondokea mpishi, kawasha moto, kateleka sufuria, mwenye tumbo kaingilia. Nani ale?

Aliyepika!

Wa nyuma sijawasikia. Nani ale?

Aliyepika!

Haya, sasa naweza kuanza. Mngejibu vingine ningebeba kigoda changu nikaenda zangu.

Hapo zamani, kando ya mto, alikaa Bi Sange. Sange mnamjua? Yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anayekimbia majanini tiki-tiki-tiki, ukipepesa macho amekwisha kupita. Bi Sange alikuwa na watoto watano, na kitinda mimba wake aliitwa Siwema. Siwema alikuwa amedhoofu. Wenzake wakicheza yeye alikaa kitako, akawatazama, maana miguu ilikuwa haimbebi. Mama yake alijua dawa. Dawa ilikuwa chakula, kila siku, chakula cha kweli, kiliwe na mtoto mwenyewe.

Na huko huko alikaa Kiboko. Kiboko alikuwa na tumbo kama pipa, na alikuwa na sheria aliyoitunga mwenyewe akiwa amelala.

"Mto ni wangu," alisema Kiboko. "Nyanya zinakunywa maji ya mto, kwa hiyo nyanya ni zangu. Mchuzi unapikwa kwa nyanya, kwa hiyo mchuzi ni wangu. Hakuna kula kabla sijaonja!"

Sasa, kuonja kwetu ni nini? Mpishi anadondosha tone la mchuzi kiganjani, analamba, anajua kama chumvi imekolea. Tone moja tu. Kiboko naye aliapa kwamba haonji zaidi ya kiganja. Lakini kiganja cha Kiboko, jamani, ni sinia la harusi! Unamimina sufuria nzima, hakijajaa. Kila siku alipita nyumba hadi nyumba akionja, na kila alikopita watoto walilala na njaa. Na wenye nyumba walisema nini? Walisema, "Ahsante kwa kuonja, Bwana Mkubwa." Ndivyo tulivyo. Tunaibiwa na shukurani tunatoa.

Bi Sange akawaza, "Nitapata wapi nyanya ambazo hazikunywa maji ya mto huu?" Akajitwika kapu la kunde kavu, tiki-tiki-tiki, mpaka ng'ambo ya kilima kwa kaka yake, aliyekuwa anakaa nyuma ya duka. Wakabadilishana. Kunde zikabaki, makopo sita ya nyanya yakarudi.

Najua hapa kuna mtu anakunja pua. "Nyanya za kopo!" Haya, kunja. Siku nyanya za sokoni zimeoza, au hazipo kabisa, wewe utawapikia wanao pua yako?

Siku ya kwanza Bi Sange akachukua kisu na jiwe, ko! ko! ko!, akafungua kopo. Akakaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, kimoja, hakutaka mboga iogelee. Akatia kitunguu saumu, akamimina nyanya, akasuuza kopo kwa maji na maji hayo akayatia sufuriani, maana utamu unaoganda koponi nao ni chakula. Akatia maharage aliyokwisha kuyachemsha. Akafunika. Ikatokota, toko-toko-toko. Watoto wakakaa duara, Siwema kapakata sahani tupu.

Mara, gudu! gudu! gudu! Vifuniko vikacheza jikoni.

"Nani anapika bila mimi kuonja?"

"Ni mimi, Bwana Mkubwa," akasema Bi Sange. "Lakini nyanya hizi hazikunywa maji ya mto wako. Ni za kopo."

"Ni nyekundu?"

"Ni nyekundu."

"Basi ni zangu." Akanyoosha kiganja. "Mimina!"

Akamimina.

"Mimina!"

Akamimina mpaka sufuria ikalia tupu.

"Subiri kwanza, Bwana Mkubwa," akasema Bi Sange, "bado ni moto."

"Mdogo hanifundishi!" Kiboko akabugia. Lwap! Ulimi ukaungua, machozi yakamtoka, akapiga mguu chini. "Uwi! Mchuzi wako una uchawi!" Akaondoka, gudu, gudu, gudu, na watoto wakala ugali mkavu.

Siku ya pili, ko! ko! ko!, kopo la pili. Safari hii Bi Sange alipika dengu kwa nyanya, mwishoni akatia mchicha uliokatwa kwa upana, akaudumbukiza tu na kuuepua, kijani chake kisipotee. Chumvi akatia kidogo, maana kopo lilikuwa na chumvi yake. Juu akaweka pilipili moja nzima, haikupasuliwa, inukie tu.

Gudu! gudu! gudu!

"Nani anapika bila mimi kuonja?"

"Ni mimi, Bwana Mkubwa. Mwanangu mgonjwa. Mwachie japo upawa mmoja."

"Nionje kwanza, nijue kama inamfaa mgonjwa. Mimina!"

Akamimina.

"Mimina!"

Akamimina mpaka sufuria ikalia tupu.

"Hiyo pilipili iweke pembeni, Bwana Mkubwa. Usiitafune."

"Mdogo hanifundishi!" Kiboko akaanza kwa kutafuna pilipili, kabla ya dengu. Lwap! Masikio yakamsimama, akazunguka nyumba mara tatu akitafuta maji. Aliporudi alikuwa na hasira ya kuungua na ya kuonekana akiungua. Akayaona makopo manne ukutani, kila moja limechorwa nyanya. "Kumbe ndiyo haya! Kuanzia leo makopo yote ni yangu." Akayakusanya kwapani, akaondoka.

Siwema hakulia. Mtoto mwenye nguvu ndiye hulia. Alilamba mwiko, akalala juu ya mkeka, na mama yake akamtazama hivyo alivyolala, akaona uchungu. Bi Kanga, jirani yao, alichungulia mlangoni.

"Nyamaza, shoga," akasema Bi Kanga. "Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha siku zote. Nimempisha mpaka sina pa kusimama," akasema Bi Sange. "Kanga, umeona? Nimemwambia mchuzi ni moto, akaubugia. Nimemwambia pilipili asiitafune, akaanza nayo."

"Huyo haambiliki."

"Ndiyo. Asiyeambilika hana haja ya kudanganywa. Nitamwambia kweli."

Bi Kanga hakuelewa. Alifikiri njaa imempanda mwenzake kichwani.

Kulipokucha Bi Sange akaenda mtoni, akasimama mbele ya Kiboko, mdogo kama punje, mikono kiunoni.

"Bwana Mkubwa, makopo umechukua, lakini kupika hujui."

"Mimi?" Kiboko akanguruma. "Nimeonja vyungu vyote vya nchi hii, nisijue kupika?"

"Kuonja ni kuonja, kupika ni kupika."

"Waite wote! Leo mchana waje waone!"

Mchana wote wakaja. Kiboko alikuwa amewasha moto mkubwa wa kuchoma nyumba, akakaa katikati na makopo yake manne. Bi Sange akawapanga watoto wake nyuma ya kichuguu, na wanyama wote akawaambia warudi nyuma, hapo hapo nyuma ya kichuguu, asibaki mtu. Kisha akajitokeza peke yake na kupaza sauti, kila mtu asikie.

"Bwana Mkubwa! Kopo hufunguliwa kwanza, ndipo nyanya zipikwe. Usiliweke motoni likiwa limefungwa!"

"Shoga!" akanong'ona Bi Kanga kutoka nyuma ya kichuguu. "Kwa nini unamfundisha? Akikusikia atakula yote!"

"Hatasikia."

Kiboko akacheka, ho! ho! ho! "Unataka nilifungue utamu utoroke! Mdogo hanifundishi!" Akachukua kopo moja, akasema ataanza na hilo liwe kionjo, yale matatu akayaweka mbali kando.

"Bwana Mkubwa!" akasema Bi Sange mara ya pili. "Mvuke ukikosa pa kutokea utapasua. Toboa kwanza!"

"Mdogo hanifundishi!" Akalisogeza kopo kwenye makaa.

"Bwana Mkubwa! Kwa mara ya tatu nakwambia mbele ya mashahidi. Lifungue!"

Kiboko akasita. Akaligeuza kopo, akalitazama juu, akalitazama chini. Kama Kiboko angelifungua lile kopo, basi Siwema asingekuwa na chakula tena, si siku hiyo wala kesho yake. Bi Sange akasema pole pole, kama anayemwonea huruma:

"Fungua tu, Bwana Mkubwa. Si aibu kutojua. Hata Siwema wangu anajua, na hajaota meno yote."

Hapo ndipo Kiboko alipofura. "Mimi nifananishwe na Siwema? Mimi?" Akalizika kopo katikati ya makaa, akalifukia, akainama juu yake na kiganja chake amekinyoosha, tayari kuonja.

Bi Sange akatimka, tiki-tiki-tiki, nyuma ya kichuguu.

Kopo likanung'unika. Mmmm. Kiboko akasema, "Mnasikia? Linaiva." Kopo likavimba. Nnnn. Kiboko akasema, "Mnaona? Linashiba."

PAAAA!

Makaa yakaruka, majivu yakaruka, Kiboko akaruka, na kuruka kwa Kiboko si jambo dogo. Alipotua alitua kwa makalio, nchi ikatikisika. Akajitazama. Kichwa chekundu! Kifua chekundu! Tumbo lote, pipa zima, jekundu linatiririka!

"Damu!" akalia Kiboko. "Damu yangu! Nimekufa! Jamani, nimekufa mimi!"

Hakuna aliyethubutu kusogea. Bi Sange akatoka nyuma ya kichuguu. Akatembea, hakukimbia safari hii, akafika hadi kwenye lile tumbo. Akachota kidogo kwa kidole, akadondosha kiganjani mwake, tone moja. Akalamba. Akafikiri.

"Bwana Mkubwa," akasema, "damu yako imepungua chumvi."

Kisha Bi Kanga akaanza, ke-ke-ke! Akafuata mwingine, akafuata mwingine, mpaka wale waliokuwa wakisema "ahsante kwa kuonja" wakawa wamelala chini wameshika mbavu. Kiboko hakuwahi kuchekwa maishani mwake, hakujua kunavyouma. Akainuka, gudu-gudu-gudu, akakimbilia mtoni, chubwi! Akazama mpaka puani.

Bi Sange akayaokota makopo yake matatu. Moto ulikuwepo, mkubwa na mzuri, umewashwa na mwenyewe Kiboko. Ko! ko! ko! Akafungua moja, akapika na bilinganya na kunde, mafuta kijiko kimoja, akasuuza kopo, akamimina. Akaonja tone. Kisha upawa wa kwanza akampa Siwema, mbele ya wote, na hakuna aliyesema sheria inasemaje. Siwema akala. Akapangusa sahani kwa kidole. Akasema, "Mama, niongeze." Bi Sange akamwongezea huku machozi yanamtoka, na akasema ni moshi, na mimi nasema hakukuwa na moshi.

Kesho yake, wakati wa kupika, sauti ikatoka mtoni. "Bi Sange! Kionjo changu kiko wapi?"

Bi Sange hakuinuka kwenye kigoda. "Kipo jikoni, Bwana Mkubwa, karibu na kopo. Njoo ukichukue mwenyewe!"

Sauti ikauliza, "Kopo limefunguliwa?"

"Mdogo hakufundishi," akasema Bi Sange. "Njoo uangalie."

Chubwi! Hadi leo Kiboko anashinda majini, ametoa macho na masikio tu, anasikiliza kama kuna kitu kinanung'unika motoni. Kopo lenyewe? Halikuwa na nyanya hata moja. Bi Sange alikuwa ametia udongo ndani, akapanda kitunguu.

Hadithi nimeipakua yote. Ikiwa tamu tumekula sote, ikiwa mbaya niachieni ukoko wake.

Na funzo? Funzo lipo, watoto wangu, lishikeni vizuri. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kwa hiyo wasikilizeni wakubwa. Na ninyi wakubwa mliokaa pale mbele na viganja vyenu, nawaomba, nawapigia magoti, msije mkasikiliza ushauri wa wadogo hata siku moja. Kiboko angemsikiliza Bi Sange, angekuwa anaonja sufuria zetu mpaka leo.