Paa Jipya la Zaina

"Paa jipya halizuii mvua ya moyoni." Bi Hidaya amewaambia hivyo mlipompita na mabati ya kuwapelekea watu wa mafuriko, nanyi vijana mmenuna kama mliotukanwa. Hakuwatukana. Tueni mizigo, mabati hayaozi. Methali hii ilianza hapa hapa Kwemawe, kabla sijazaliwa, na aliyenisimulia ni mama yangu.

Masika moja mlima ulikatika juu ya mashamba ya tangawizi. Udongo ulishuka mchana, ukaifunika nyumba ya Zaina, mjane wa Hemedi. Yeye alikuwa ametoka kumfuata mbuzi malishoni. Wanawe wawili, Shafi na Mwajabu, walikuwa ndani. Watu walichimba, wakawapata, wakawazika.

Mtu akifikwa na jambo, sisi wa milimani hatuna maneno. Tuna majembe. Likapigwa baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na ujira, kijiji kizima kikatoka. Wanawake wakateka maji, wanaume wakakandika kuta, na Zaina akaezekewa mabati wakati hata jumbe alikuwa analala chini ya paa la nyasi. Alipokabidhiwa nyumba alisema ahsante. Lakini kila alipotaka kuwataja wanawe, watu walimwahi. Nyamaza, kazi ya Mungu haina makosa. Jikaze, unawasumbua marehemu. Walisema kwa huruma, na ndiyo maana hakuweza kuwakasirikia.

Mvua ya kwanza ilipoyapiga mabati, Zaina alitoka mbio, akasimama uani mpaka ilipokatika. Mvua ya pili, vile vile. Mwanzoni majirani walimwonea huruma, kisha midomo ikaanza. Ana shetani. Hana shukrani, kachoka raha mapema. Mganga aliitwa, akafukiza, akala kuku wake, akaenda zake. Zaina akaanza kukohoa. Mwisho wazee wakakata shauri kwamba, kwa faida yake mwenyewe, mvua ikinyesha afungiwe kwa nje. Wale wale waliokandika kuta ndio waliotia komeo. Alikuwa akigonga mlango mpaka vidole vinachubuka, na nje watu wakiambiana kwamba angalau halowi.

Siku moja alikuja wifi yake, Mwantumu, dada wa marehemu Hemedi, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Mvua ilikuwa inanyesha. Alisikia mlango ukigongwa, akaliona komeo, akalivuta. Zaina alimpita bila salamu, akaenda kusimama uani. Mwantumu hakumvuta mkono kumrudisha. Aliweka kikapu chake chini, akaenda kusimama naye, akamwuliza jambo ambalo kijiji kizima hakikuwahi kumwuliza.

"Wifi, siku ile ilikuwaje?"

Zaina alimgeukia.

"Walitaka kunifuata kwa mbuzi," alisema. "Mwajabu alishajifunika kanga yangu kichwani. Nikawaambia wakae ndani, watalowa."

Mwantumu akamsogelea.

"Shafi mtundu, unamjua. Nikaona atatoka tu nikigeuka. Nikatia komeo kwa nje, wifi. Mkono huu huu."

Mwantumu hakumwambia ajikaze, wala hakuitaja kazi ya Mungu. Alimshika mkono ule, wakalia pamoja mvuani, Zaina akiwataja wanawe kwa majina na hakuna wa kumnyamazisha. Kisha Zaina akaingia ndani mwenyewe, akalala. Mama aliniambia kuwa ndio usingizi wake wa kwanza tangu msiba.

Lakini kifua kilikuwa kimeshaharibika. Masika yale hakuyamaliza.

Matangani, kiongozi wa msaragambo alitikisa kichwa, akasikitika kuwa Zaina amekufa huku ana nyumba nzuri vile.

"Mlimjengea, kaka, tena vizuri," Mwantumu akamjibu. "Kisha mkamfungia kwa nje, kama yeye alivyowafungia wanawe. Hamkujua, kwa sababu hamkumwuliza. Paa jipya halizuii mvua ya moyoni."

Nyumba ile haikupata mtu wa kulala, na mabati yake yaliliwa na kutu mpaka yakaanguka. Bi Hidaya aliyewaudhi leo ni binti wa Mwantumu.

Haya, jitwikeni mabati yenu. Wenzenu wanalowa, yanahitajika. Ila mkishapigilia msumari wa mwisho, msikimbilie kurudi nyumbani kusifiwa. Kaeni nao, waulizeni siku ile ilikuwaje, na wakianza kusema msiwanyamazishe. Huenda mtachelewa, kama Mwantumu alivyochelewa. Paa jipya halizuii mvua ya moyoni.