Mkoba wa Bi Paa na Mhuri wa Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wamekwisha kujifunza kukaa ofisini lakini bado hawajajifunza kufanya kazi humo, aliishi Bi Paa na binti yake Mwanasiti. Kila kitu chao kilikuwa kidogo, isipokuwa jina la mkoba wao.

Mkoba huo ulishonwa na marehemu fundi Nungunungu. Alishona kwa miiba yake mwenyewe, mshono ukilalia upande kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, na akimaliza hukata uzi kwa meno. Ukifunua bitana ya ndani, unaziona alama mbili za meno yake kwenye ngozi. Na katika mwitu ule, bibi harusi hakupokelewa ukweni bila mkoba wa Nungunungu aliopewa na mama yake. Mama mkwe alitia mkono ndani, akapapasa. Asipozikuta alama, harusi ilirudi ilikotoka, na pilau yake.

Fundi alikufa bila kuacha mwanafunzi. Mikoba ikawa michache, maharusi wengi, na Nguchiro akaona riziki. Akatengeneza ya kwake: imegandishwa kwa gundi, mshono umenyooka kama rula, bizimu inametameta. Harusi zikaanza kuvunjika mlangoni. Wanyama wakalalamika, na serikali ikafanya kile inachokiweza: ikaunda idara.

Mkurugenzi alikuwa Mzee Kiboko, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba akishaketi hakuna wa kumwinua. Hakujua mkoba halisi unafananaje, na aliona haya kuuliza. Nguchiro akaenda kumsaidia kabla hajaitwa.

"Mheshimiwa, si mama watoto ana mkoba wa Nungunungu?"

"Anao. Nilimnunulia mwenyewe."

Nguchiro alilijua hilo vizuri, maana ndiye aliyemuuzia, kupitia kwa binamu yake.

"Basi unahangaika nini? Mkoba wa nyumbani kwa Mkurugenzi utakuwa bandia? Uweke mezani uwe kipimo. Unaofanana nao ni halisi. Usiofanana nao nipe mimi, nikauteketeze."

Kiboko alifikiri kwa kirefu, kama mtu aliyekwisha kukubali. Angekataaje? Kukikataa kipimo kile ni kusema mkewe anatembea na takataka begani.

Ikatangazwa kwamba hakuna mkoba kuingia harusini bila mhuri wa idara. Bi Paa hakuwa na wasiwasi. Alimwambia Mwanasiti, bibi harusi wa kesho, aendelee kupakwa hina, yeye angerudi upesi. Akapanga foleni.

Mkaguzi Nyati akauweka mkoba wake kando ya kipimo. Mshono wa kipimo umenyooka, wa Bi Paa umelala. Bizimu ya kipimo inang'aa, ya Bi Paa imefifia. Bi Paa akamwomba afunue bitana, aangalie meno ya fundi. Nyati akafunua, akatikisa pembe.

"Kumbe hata umetafunwa."

Ndu! Mhuri ukatua: BANDIA. Nguchiro akautumbukiza mkoba katika gunia lake na kuondoka.

Bi Paa akalifuata lile gunia. Alijiambia kwamba akishindwa kabisa, angalau atarudi na majivu. Lakini kwa Nguchiro hakukuwa na moto wala moshi. Nyuma ya pazia la chumbani mikoba ilining'inia kama popo, yote ya Nungunungu. Na wake ulikuwamo.

Nguchiro hakushtuka. Alimkaribisha kitini, akamuuliza habari za shughuli.

"Ule ni wangu," alisema Bi Paa.

"Wako kabisa, shangazi. Halisi, hakuna shaka. Ng'ambo ya mto wataugombania. Kule hawaulizi mhuri, wanauliza meno." Akatungua mwingine, unaometameta. "Na huu nimeugandisha juzi. Una mhuri wa HALISI. Mwanasiti anaolewa kesho. Chagua."

"Nitakwenda kwa Mzee Kiboko."

"Nenda. Ukamwambie mkewe amebeba nini."

Bi Paa akautungua mkoba wake. Ulinuka ngozi na mafuta ya nazi ya mama yake. Akaushika kwa muda, kisha akautundika tena mwenyewe, taratibu, asije akaukwaruza.

Kesho yake, Bi Tandala, mama mkwe, aliupokea mkoba unaometameta mbele ya wageni. Akatia mkono ndani, akapapasa. Mkono ukasimama, ukatafuta tena. Mwanasiti alikuwa amesimama kizingitini, uso chini, mbele ya mlango ambao bado ungeweza kufungwa.

Bi Tandala akainama hadi sikioni mwa Bi Paa. "Mkwe mwenzangu," alinong'ona, "hata wangu waliuchukua."

Kisha akauinua mkoba juu, akawaambia wageni kwamba ni halisi, waje wauone mhuri. Vigelegele vikapigwa. Mzee Kiboko, mgeni rasmi, alipiga makofi kuliko wote, na kando yake Nguchiro alikuwa akila pilau.

Basi hadithi inakomea hapo, watoto wangu, na funzo lake ni hili: mkimpa mwizi kazi ya kuwafundisha kumtambua mwizi, atakayekamatwa ni jirani yenu.