Jina Moja la Kaisari Venusto

Sogeeni karibu. Anayetaka hadithi ya kumlaza mtoto aondoke sasa, maana hii haina harusi mwishoni, na mimi mwenyewe siipendi ninapofika pale inapoishia.

Palikuwa na watu watatu katika jumba la kaisari wa Roma, siku zile dola ilipokuwa ikimeguka kama mkate mkavu. Vitimiri, mlinzi wa kabila la Wagothi, alikuwa na sikio: alisikia mnong'ono nyuma ya ukuta wa mawe. Eutikia, mpishi, alikuwa na ulimi: angeonja mchuzi akakwambia chumvi yake imetoka pwani ipi. Horioni, tabibu kutoka Misri, alikuwa na mikono: alichochanganya yeye kilimwinua mtu ambaye sanda yake imekwisha kukatwa.

Na palikuwa na Kaisari Venusto, ambaye hakuwa na kipaji chochote ila kuwajua farasi. Kazi yake ilikuwa kusimamia mazizi ya jeshi. Askari walipomuua kaisari aliyetangulia, walitaka mwingine kabla jua halijatua, wakamkuta huyu ameinama anakagua kwato. Wakamnyanyua juu ya ngao, na kwa kuwa taji halikupatikana, wakamvika kichwani mkufu wa askari mmoja. Desturi yao ilitaka mteule akatae mara tatu, asionekane ana uchu. Venusto akakataa mara tatu. Akakataa mara ya nne huku analia, akasema hajui kutawala hata nyumbani kwake. Askari wakapiga makofi. Hawakuwahi kumwona mtu mwenye adabu kiasi kile.

Basi akatawala, kama kule kunaitwa kutawala. Majimbo yalimponyoka moja baada ya jingine, mpaka himaya yake ikabaki mji mmoja uliozungukwa na kinamasi, na ndani ya mji huo Jemadari Gaudioso akikitolea macho kiti cha enzi.

Siku ya karamu ya maafisa, Vitimiri alikuwa akipita nje ya hamamu ya kuogea akasikia sauti ikisema, "Leo, mezani kwake, kwa sumu." Ilikuwa sauti ya ndugu yake wa tumbo moja, aliyemtumikia Gaudioso. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Alikwenda jikoni kusema, na kwa kosa hilo ndugu yake alinyongwa siku chache baadaye.

Eutikia alipoambiwa hakupiga kelele. Alionja kila sahani na kila mtungi, akaikuta sumu kwenye divai ya asali, ambayo kikombe chake cha kwanza kilikuwa kimekwisha kupelekwa na Kaisari amekinywa. Kujua kwamba ni sumu hakukutosha, maana sumu ni nyingi. Aliionja tena, akaizungusha mdomoni mpaka akaijua kwa jina, ndipo akatema. Kinywa kiliungua. Tangu siku ile asali na majivu kwake vikawa kitu kimoja.

Horioni alipopewa jina la sumu aliijua dawa yake, ambayo ni hiyohiyo ya kutibu homa kali. Alikuwa nayo kidogo, ya kumtosha mtu mmoja, na alikuwa ameiweka kwa ajili ya binti yake aliyelala na homa. Aliishika mkononi akaitazama. Kisha akaichanganya akamnywesha Kaisari, na Kaisari akafumbua macho. Binti alizikwa mwezi uleule.

Bila sikio, hakuna ambaye angeonja. Bila ulimi, tabibu angebahatisha. Bila mikono, jina la sumu lisingemfaa mtu yeyote.

Mnaweza kudhani mambo yaliishia hapo. Gaudioso alipoona hila imeshindwa, aliachana na hila. Aliingia jumbani mchana kweupe na askari wake, akawasimamisha wote wanne uani.

"Nitakupeleka kisiwani ukaishi huko," alimwambia Venusto. "Desturi inampa anayehamishwa mtumishi mmoja. Taja jina. Hao wawili watakaobaki wanazijua habari za ile divai, siwezi kuwaacha hai."

"Niue mimi, uwaache hawa," alisema Venusto.

"Askari hawa walikula kiapo kwako, siwezi kukugusa mbele yao. Kwa hao watatu hakuna aliyeapa. Usipotaja jina, watakwenda wote. Nakupa muda wa kufunga farasi kwenye gari tu."

Vitimiri alisema, "Mtukufu, nimemtoa ndugu yangu kwa ajili yako. Nikifa na mimi, mama yetu habaki na mtu."

Eutikia alisema, "Mimi nataka kuishi, bwana. Sina maneno mengine."

Horioni aliitazama mikono yake. "Siombi," alisema. "Ila usije ukadhani siombi kwa kuwa sitaki."

Venusto aliwatazama, akatamani ile divai ingekuwa imemaliza kazi yake. Aliwapenda wote watatu, na kuwapenda hakukumsaidia kitu. Utawala wake wote alikuwa ametoa amri zilizofika mipakani zikakosa hata wa kuzisoma. Hii ndiyo ingekuwa ya kwanza kutekelezwa neno kwa neno.

Nimeisimulia hadithi hii mahali pengi. Wapo wanaosema Vitimiri, maana yeye ndiye aliyeanza. Mama mmoja aliniambia Eutikia, kwa sababu yeye hakumkumbusha Kaisari alichopoteza. Baba mmoja aliyewahi kuzika mtoto alinyanyuka akaenda zake, na mimi sikumwita.

Sasa farasi wamekwisha kufungwa, na Gaudioso anangoja jina. Je, wewe uliyekaa hapo, ungemtaja nani? Na wale wawili wengine, wakiwa bado wanakutazama, ungewaambia nini?