Mtaa wa Kilimani Uitwe Kwa Nani?

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali maana mabomba yalikuwepo, mji wa Lukongwe ulikua mbio mbio. Bondeni kulipojaa, watu wakapanda kilimani. Nyumba zikaota, maduka yakaota, zahanati ikajengwa na kupakwa rangi nyeupe. Halafu ikapigwa kufuli. Zahanati bila maji, jamani? Wajawazito wa kilimani wakawa wanashushwa bondeni kwa pikipiki, na wengine walijifungulia njiani. Inauma!

Mtaa wenyewe haukuwa hata na jina. Watu walisema tu "kule juu." Basi watu wa kilimani wakaapa: "Atakayetuletea maji, mtaa huu utaitwa kwa jina lake. Kwa Fulani, mpaka vitukuu!"

Sasa sikilizeni.

Wa kwanza ni Bi Nakiete, mpangaji wa mji. Kilima kikiwa bado vichaka, alichora njia ya bomba kutoka bondeni hadi kileleni. Wakubwa wake wakamcheka. "Unawapelekea maji nyani?" Wakataka kuikata ile njia viwanja. Akagoma! Wakamnyima cheo. Akagoma vilevile.

Mwaka wa mabomba ukafika. Mtaro ukachimbwa, ukapanda, ukapanda, puu! Ukakuta ukuta. Ilikuwa nyumba ya wa pili, Fundi Shemdoe, mwashi, aliyeng'oa alama za mpaka na kujenga katikati ya njia. Angeweza kwenda mahakamani, kesi ikalala miaka. Lakini aliutazama mtaro, akaitazama zahanati yenye kufuli, akashika nyundo yake mwenyewe. Sebule chini! Vyumba chini! Watoto wake wakahamia jikoni.

Bomba likapita. Watu wa kilimani wakajipanga na ndoo, wakafungulia. Fyuu! Upepo mtupu. Maji yote yalikuwa yanaishia bondeni.

Ndipo akainuka wa tatu, Mama Chiku, muuza chakula wa huko bondeni. Akapita mlango kwa mlango: "Jirani, funga bomba lako asubuhi, maji yapande." Wakamtukana. Akaanza yeye kufunga lake. Sufuria zikakaa kavu, wateja wakamkimbia. Jirani wa kulia akaona haya, akafunga. Wa kushoto akafunga. Bonde zima likafunga!

Na maji yakaja! Yakakohoa, yakatema tope, yakaja meupe! Vigelegele! Kufuli likafunguliwa, na siku hiyohiyo mtoto akazaliwa kilimani, akaogeshwa kwa maji ya bomba. Mimi nilicheza mpaka kandambili ikakatika.

Mchora mabango akaitwa aandike jina la mtaa juu ya mlango wa zahanati. Hapo ndipo pakachafuka.

"Bila njia yangu," akasema Bi Nakiete, "bomba lingepita wapi?"

"Wewe, dada, ulichora mstari," akasema Fundi Shemdoe. "Mimi nimebomoa nyumba."

"Nyumba uliyoijenga juu ya mstari wangu!"

"Ndiyo. Na nani mwingine mjini hapa amewahi kuvunja yake kwa mkono wake?"

Mama Chiku akacheka. "Nyinyi mmeleta bomba, wenzangu. Maji nimeleta mimi. Kesho asubuhi tusipofunga kule chini, mtakunywa upepo."

Mchora mabango ameshaandika ZAHANATI YA KWA. Brashi iko hewani, rangi inamdondokea kiatuni. Haya, mnaonisikiliza, semeni upesi kabla haijakauka: je, nani alistahili? Kwa nani?