Bei ya Sahani ya Mbaazi

Mji wa Marijani ulitawaliwa na Sultani Darweshi bin Ghalibu, na jini wa pete yake, Shamhurani, alimletea dhahabu hata milango ya ghala ikakataa kufungika. Ndipo Sultani akatangaza kuwa shaba ni aibu, na atakayeuza kitu kwa shaba atakatwa mkono.

Zuwena, muuza mbaazi, alikamatwa na pesa mbili za shaba. Akaletwa barazani pamoja na sufuria yake, iwe ushahidi, na harufu ya tui ikaenea ukumbini. Aliutazama mkono wake wa kulia. Ndio uliokuna nazi, na ndio uliomlisha.

"Una la kusema, wewe mwanamke?" Sultani akauliza.

"Sina, Maulana. Ila ninunulie sahani moja kwa dhahabu, kisha nikatwe."

Sultani akacheka, akasugua pete. Jini akatokea, kichwa kikagusa dari, na watu wote wakaanguka kifudifudi. Akashika dinari, akaikata kwa ukucha, na nusu akaikata, na robo akaikata, na kila alipomnyooshea kipande, Zuwena alitikisa kichwa.

"Hiyo ni sahani mia, bwana jini. Mimi nauza moja."

Jini akakata hata ikabaki chembe moja, ikimeta ukuchani kama nyota ya mbali. Waziri akapiga chafya. Chembe ikatoweka.

Shamhurani akapiga magoti, akapapasa zulia.

"Maulana, nimewahi kubeba milima. Chembe hii imenishinda."



"Basi dhahabu haina kazi?" Sultani akauliza polepole.

"Inayo, Maulana," Zuwena akajibu. "Bangili ya bibi yangu ilizikwa chini ya mafiga miaka sitini, ikatoka kama ilivyoingia. Mbaazi zingeliwa na wadudu. Lakini nani anunue kitoweo kwa bangili?"

Njaa ilikuwa imemshika Sultani. "Nani ana shaba hapa?"

Mwenye upanga, aliyewekwa kukata mikono, akafungua kilemba chake, akatoa pesa moja. Kadhi akavua kubadhi miguuni, akatoa mbili. Waziri akatoa kifuko kizima.

Sultani akaitazama mikono yote ile, akaamuru upanga urudishwe alani, akala mbaazi kwa pesa ya mkata mikono wake.

Mwaka uleule akamposa Zuwena, naye akataka mahari ya namna mbili: bangili za dhahabu za kuweka, na magunia ya shaba yagawiwe sokoni. Akapewa yote, wakaishi kwa neema. Na wazee wa Marijani huwausia wana wao: dhahabu ni ya kesho na shaba ni ya leo, na mwenye kesho peke yake hulala njaa.